Posa Ndani ya Bhulbhulaiya

Siku ile Kumail alikuwa wa nne kwenye zamu, na waongozaji watatu waliokuwa mbele yake walikuwa wameshachukua wageni na kuyeyuka nao ndani. Angekuwepo hata mmoja wa kumsukumia kazi ile, wallahi angemsukumia na kumwongezea chai ya wiki nzima. Lakini hakukuwa na mtu. Alikuwepo yeye, beji yake kifuani, na wanawake watatu waliojifunika mashali wanapanda ngazi za jumba la kale la Imambara Kubwa wakihema.

"Kijana, wewe ndiye mwongozaji?" aliuliza aliyetangulia, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha.

Kumail alitaka kujibu. Mdomo ulifunguka, sauti ikagoma. Kwa sababu nyuma ya wale wanawake, pembeni ya kijana mmoja mrefu aliyevaa koti jipya, alikuwa amesimama Shagufta.

Shagufta wake. Shagufta aliyekuwa anakuja hapa na daftari kuchora maua ya dari ili ayashone kwenye vitambaa, mwaka mzima, na mwaka mzima Kumail akamshikia kalamu. Alikuwa hajamwona kwa miezi mitatu. Amekonda. Macho yalikutana mara moja tu, halafu Shagufta akayashusha chini haraka kama aliyegusa sufuria ya moto.

"Bubu huyu," alisema yule mnene. "Nakuuliza wewe!"

"Ndiyo, bibi. Ni mimi."

"Haya sikiliza. Hawa watoto wanatakana kwa heri. Bwana Wasif na mama yake wametoka Kanpur asubuhi hii na ukungu wote huu. Tunataka wazungumze kidogo, wajuane. Sisi magoti yetu hayawezi ngazi zenu. Wapeleke Bhulbhulaiya, kule juu kwenye vichochoro vya kupotea, wazungushe nusu saa, uwarudishe hapa ukumbini. Usiwaache hata hatua mbili. Umenielewa? Wewe ndiye jicho letu."

Kwa hiyo huyu ndiye shangazi Birjis wa Shagufta! Kumail alikuwa hajawahi kumwona kwa sura, ila maneno yake aliyajua neno kwa neno. Mama yake Kumail alipopeleka posa kwa kina Shagufta, kabla baridi haijaanza, shangazi Birjis ndiye aliyempa chai, akamsifia shali lake, akamwambia kwa upole kabisa: tumefanya istikhara, dada, tumemwomba Mungu atuonyeshe, na istikhara imetoka mbaya. Basi. Ungesema nini tena? Ukiambiwa baba hataki utabishana, ukiambiwa kaka hataki utatuma wazee. Ukiambiwa Mungu hataki? Mama alirudi nyumbani, akavua shali, akalia jikoni. Na Kumail akanyamaza. Hakupiga simu, hakupita mtaani kwao. Aliona ni adabu.

"Jicho lenu, bibi," alisema sasa. "Tafadhali, huku."

Pale kwenye Bhulbhulaiya mvulana na msichana hawaruhusiwi kuingia wawili peke yao, lazima mwongozaji awe nao. Ni sheria ya mlangoni, na Kumail mwenyewe alishaizima mizozo mingi ya vijana walioilalamikia. Leo ilimrudia yeye. Alipanda ngazi mbele, Wasif katikati, Shagufta nyuma, mmoja mmoja, maana njia zile ni nyembamba, mabega yanasugua kuta. Giza. Kila hatua chache njia inagawanyika tatu, nne, na zote zinafanana kama mapacha.

"Duh!" alisema Wasif, akiwasha tochi ya simu. "Mtu akipotea humu anatafutwa na polisi?"

"Anatafutwa na mimi," alisema Kumail.

Wasif alicheka. Bahati mbaya alikuwa na kicheko kizuri. Kumail alikuwa ameomba moyoni awe mtu wa ovyo, mwenye majivuno, mwenye meno mabaya. Wapi! Walipofika kwenye mlango mfupi wa kuinama, Wasif akasogea pembeni akamwambia Shagufta, "Tangulia wewe."

"Hapana, tangulia wewe," alijibu Shagufta.

"Aa, mimi nimeshaonywa kuhusu nyinyi watu wa Lucknow! Wawili walisimama stesheni, tangulia wewe, hapana tangulia wewe, mpaka treni ikaondoka."

Shagufta hakucheka. "Ni kweli," alisema taratibu. "Humu kwetu kuna mtu treni ilimwacha hivyo hivyo. Alikuwa na adabu sana."

Ilimchoma Kumail mgongoni kama msumari. Akaongeza mwendo. Nyuma yake akasikia Wasif anahangaika kutafuta maneno, masikini ya Mungu.

"Unapenda kupika?"

"Kidogo."

"Mama ameniambia una mkono wa kushona."

"Nilikuwa nao."

"Sasa?"

"Sasa macho yananiuma."

Na Kumail akawa anatembea huku anajisemea, nitawapeleka kushoto, kushoto tena, niwazungushe mpaka jioni, mpaka ukungu ushuke na hawa wa Kanpur warudi kwao. Halafu akajionea aibu. Ndiyo mapenzi gani hayo, ya kumzungusha mtu gizani?

Akakata kulia, wakatokea kwenye ujia wa juu wa ukumbi mkubwa. Mwanga uliwapiga usoni. Chini kabisa, kwenye mkeka karibu na nguzo, wanawake watatu walikuwa wamekaa, wadogo kama punje. Mama yake Shagufta alikuwa wa pembeni, amejiinamia, anasugua magoti. Shangazi Birjis akapunga mkono. Wasif akapunga. Shagufta hakupunga.

Hapa kila mwongozaji ana mchezo wake wa kuonyesha, na mchezo wenyewe hauna siri: ukuta ule unabeba sauti. Unamweka mgeni mwisho wa ukumbi, hatua zaidi ya hamsini, wewe unabaki mwisho wa huku unawasha kiberiti, na yeye anakisikia kama kimewashwa sikioni mwake. Kumail alikuwa ameufanya mara elfu. Mikono yake ikaanza kuufanya yenyewe, akili ikiwa haipo.

"Bwana, zunguka hivi, nenda kwenye lile tao la mwisho kule. Weka sikio ukutani. Nitawasha kiberiti hapa."

"Na yeye?"

"Yeye..." Kumail alipapasa mfuko akitafuta kiberiti. "Yeye atahakikisha sifanyi ujanja."

"Sawa, mzee!" Wasif akaondoka, viatu ameviacha mlangoni, soksi zake zikiteleza kwenye sakafu.

Hatua kumi. Ishirini. Shagufta aliegemea ukuta, uso kaugeuzia upande mwingine ili wa chini wasione midomo yake. Kumail akatoa kiberiti, njiti mbili zikamvunjikia mkononi. Ya tatu ikawaka. Kule mbali Wasif akanyoosha dole gumba juu, anacheka kama mtoto.

"Mama yako hajambo?" aliuliza Shagufta.

Yaani baada ya miezi mitatu, hilo ndilo neno la kwanza.

"Hajambo."

"Hakurudi."

"Angerudije, Shagufta? Istikhara ilikataa. Unataka apigane na Mungu?"

"Istikhara ipi?"

"Ile aliyofanya shangazi yako."

Shagufta akageuka, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza. Macho yalikuwa mekundu, yamejaa.

"Siku ile shangazi alikuwa anakaanga kababu huku anatazama mchezo kwenye televisheni. Mama yako alipobisha hodi, tasbihi ya kufanyia istikhara ilikuwa imening'inia msumarini, na jioni ilikuwa bado imening'inia. Hakuna aliyeigusa. Hakuna istikhara, Kumail! Hakuna. Lilikuwa neno tu la kumfukuza mtu bila kumfukuza."

Kiberiti kilimwunguza kidole, hakuhisi.

"Alisema kwa jina la Mungu," alinong'ona.

"Na wewe ukaamini bila kuniuliza! Mimi, Kumail! Ungeniuliza mara moja tu! Nilikaa dirishani mpaka nikajua hatua za kila mtu wa mtaa. Muuza maziwa namjua kwa kikohozi. Wewe hukupita hata mara moja."

"Niliona nikipita nitakuharibia jina."

"Jina!" Chozi likadondoka, hakulifuta. "Leo nikishuka chini, mama yake Wasif atanitia peremende ya posa mdomoni, na nikinyamaza nimekubali, ndiyo imekwisha. Mwezi ujao niko Kanpur. Jina langu litakuwa zima kabisa. Mimi ndiye nitakuwa nimekufa."

"Shagufta, sema polepole. Ukuta!" Sasa ndiyo akili ilimrudia. "Huu ukuta unapeleka kila kitu, na yule kule..."

"Najua. Si wewe uliyenifundisha?" Akaweka kiganja ukutani. Sauti yake haikupanda wala kushuka. "Shangazi ameniapisha nisimwambie Wasif neno. Nimetii. Simwambii yeye. Nauambia ukuta."

Kumail akageuza shingo taratibu. Kule mwisho, Wasif alikuwa bado ameweka sikio ukutani. Dole gumba lilikuwa limeshuka. Hachezi, hatikisiki, amesimama tu kama mtu aliyesikia habari ya msiba kwenye redio.

Halafu akaanza kurudi. Alitembea polepole, na chini shangazi Birjis akampungia tena, na yeye akapunga, na hiyo ndiyo iliyomwumiza Kumail kuliko yote, kule kupunga kwake.

"Kiberiti nimekisikia," alisema alipofika. Uso umempauka. "Na mengine nimeyasikia."

"Bwana Wasif, kosa ni langu," alianza Kumail.

"Nyamaza kwanza. Wewe umenyamaza miezi mitatu, dakika moja haitakushinda." Akamgeukia Shagufta. "Ungeniambia mlangoni. Nisingepanda ngazi zote zile na soksi."

"Nisamehe."

"Sijui kama nimekusamehe. Nilikupenda kwenye picha, unajua? Kijinga hivyo hivyo." Akavuta pumzi. "Nikikataa mimi, jioni hii watu wataanza kuuliza msichana ana kasoro gani, na mama yangu atawajibu hata kama haijui. Sitakufanyia hivyo. Nikikubali, nitakuwa nimeoa mtu anayelia ukutani. Kwa hiyo utasema wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, mbele yao."

"Watanila mzima."

"Watakula." Akamtazama Kumail kuanzia beji mpaka miguuni. "Na wewe utakuwa umesimama karibu yake?"

"Nitakuwepo," alisema Kumail. "Wallahi nitakuwepo."

Wakashuka. Kumail hakumbuki alipita njia gani, miguu ilijua. Ukumbini, mama yake Wasif alikuwa ameshafungua kijaluba cha peremende za maziwa, amekata moja vipande, amemshika Shagufta kidevu kwa upendo kabisa, wala hakuwa mwanamke mbaya.

"Haya, binti yangu. Umeridhika?"

Wote walimngoja anyamaze.

"Hapana, mama."

Mama wa watu akabaki na peremende hewani. Lakini shangazi Birjis akapiga kofi la furaha.

"Maashallah! Haya hiyo! Msishtuke, dada, nyinyi wa Kanpur hamtujui. Kwetu hapana ya kwanza ni malezi. Msichana akikubali mara moja si atasemwa ana njaa ya mume? Mpe, mpe."

"Hapana," alisema Shagufta.

"Ona alivyolelewa! Mara mbili!"

"Shangazi, hapana. Simtaki. Ni mtu mzuri, na simtaki, na ukinitia hicho kitu mdomoni nitakitema hapa hapa."

Ukumbi ule, nilishakwambia, unabeba sauti. Wageni waliokuwa wanapiga picha upande wa pili waligeuka wote. Kijaluba kikafungwa. Mama yake Wasif akainuka, midomo imekauka, hakusema hata neno baya, akamwita tu mwanawe. Wasif akampa mkono, na kabla hajaondoka akamtupia Kumail jicho moja: sasa.

Shangazi Birjis alikuwa mwekundu. "Nani amekujaza maneno haya? Nani? Asubuhi ulikuwa mzima!"

Shagufta alimtazama Kumail. Na mama yake akamtazama Kumail. Na ilikuwa zamu yake, hakuna wa kumsukumia, neno moja tu lilitakiwa, ni mimi, hata mtoto angeweza kulisema. Likapanda mpaka kooni. Likafika kwenye meno.

"Na wewe mwongozaji umetukodolea nini?" shangazi alimfokea. "Tutoe nje!"

Na mkono wa Kumail, mkono ule ule wa kila siku, ukainuka wenyewe, kiganja juu, kwa heshima zote.

"Tafadhali, bibi. Huku."

Alijisikia akisema. Alitamani kuyakamata maneno yale hewani ayale. Shagufta alifumba macho, kama mtu aliyechomwa sindano. Alipopita mbele yake alisimama kidogo tu.

"Njia ya kutokea unaijua sana, Kumail," alisema. "Ya kuja kwetu ndiyo ilikushinda."

Akaenda zake.

Kumail alibaki pale. Familia moja ikamjia na tiketi mkononi, baba akauliza, "Kaka, uko wazi?" Hakuelewa anaulizwa nini. Alikuwa anasikia hatua zao zinafifia uwanjani na kitu ndani yake kikawa kinapiga kelele, kinapiga kelele, adabu yako hiyo, adabu yako hiyo ndiyo itakuoa! Basi akakimbia. Akamkanyaga mtu mguu, hakuomba radhi, mara yake ya kwanza tangu azaliwe.

Akawakuta mlangoni panapowekwa viatu. Shangazi Birjis alikuwa ameshafika mbali getini, anamkimbilia mama yake Wasif kwa maneno ya kumtuliza. Shagufta amesimama, amewapa mgongo watu wote. Mama yake amekaa kwenye ngazi, anahangaika na kandambili yake, magoti hayakunjiki.

Kumail akapiga magoti kwenye jiwe, akamshika mguu, akamvalisha.

"Mama," alisema, na hakunong'ona. "Ni mimi. Jina langu Kumail."

"Nakujua. Picha yako iko kwenye daftari la maua la binti yangu. Unadhani mimi sifagii chumba?"

"Namtaka binti yako. Nimekaa kimya miezi mitatu. Sasa hivi hapa nimekaa kimya tena, na mkono wangu huu ndio umemwonyesha njia ya kutoka. Nipige mbele ya watu, nimestahili. Ila namtaka, mama. Namtaka mpaka sijui nifanye nini."

Mlinzi wa viatu akaacha kuhesabu viatu. Mtu akacheka, mwingine akamnyamazisha. Shagufta hakugeuka, ila mgongo wake ulikakamaa.

Mama alimtazama. Alikuwa na macho yale yale ya mwanawe, yaliyochoka zaidi.

"Ijumaa mbili," alisema. "Ijumaa mbili nilitoa vikombe vizuri kabatini, nikafagia uwanja, nikamngoja mama yako arudi. Mimi mwenyewe mama wa marehemu mume wangu alirudi mara saba. Mara saba! Mama yako akaambiwa hapana moja, akavaa shali akaenda moja kwa moja. Nikasema, kumbe hawakumtaka sana."

"Tuliambiwa istikhara..."

"Wifi yangu alisema istikhara. Mimi nilisema?"

Kumail akainamisha kichwa. Miezi mitatu ya kulia, kumbe vikombe vilikuwa mezani!

"Na sasa, mama?"

"Sasa mambo ni mabaya." Akashika bega la Kumail, akajiinua juu kwa uzito wake wote. "Leo tumemwaibisha mgeni aliyetoka mbali. Wifi yangu atampigia simu usiku huu kaka yake Shagufta anayefanya kazi ng'ambo, Dammam, naye atawaka moto. Mama yako akija kesho nitamkataa. Mlangoni. Hata maji sitampa, na wifi atamtukana, na majirani watatoka kusikiliza."

Kumail alihisi jiwe la ngazi linazama chini ya magoti yake.

"Nimeelewa, mama."

"Hujaelewa. Hii ndiyo kasoro yako, unaelewa haraka mno." Akalirekebisha shali lake, akatazama getini kule shangazi Birjis alikokuwa anarusha mikono. "Aje."

"Aje?"

"Aje akataliwe. Na keshokutwa aje."

Mabega ya Shagufta yalianza kutikisika. Analia au anacheka, Kumail hakuweza kujua, na hakuthubutu kuuliza. Akauliza kingine, akiwa bado amepiga magoti mbele ya watu wote.

"Saa ngapi, mama?"

"Baada ya alasiri. Na mwambie avae viatu vigumu."